Muziki wa Leo Ndani ya Gari la Zamani: Dashibodi Haikatwi

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wenye magari ya zamani mliotoka hapa mjini na mliotoka Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, na ninyi vijana mnaojifunza umeme wa magari, nawasalimu nyote.

Mada niliyopewa ni namna ya kufunga muziki wa kisasa katika gari la zamani bila kuharibu sura yake ya asili. Walionisikia siku nyingine wanajua nitakapoanzia, na sitawachelewesha kufika hapo: dashibodi ya gari la zamani haikatwi. Haikatwi kwa msumeno, haikatwi kwa grainda, wala haitobolewi kwa drili, hata kama redio mliyonunua ni nzuri na hata kama fundi amewaapia kwamba tundu lenyewe ni dogo. Kila kitu mnachokifunga katika gari la namna hiyo kiwe ni kitu kinachoweza kufunguliwa kesho, na gari likabaki kama lilivyotoka kiwandani, bila tundu na bila kovu.

Sisi wa Dodoma tuna wajibu wa pekee katika jambo hili. Gari lililokaa Tanga au Dar es Salaam huliwa na chumvi ya bahari tangu sakafu hadi milango. Hapa kwetu mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo chuma hudumu, na ndiyo maana bado mnayakuta nyuma ya nyumba magari ya miaka ya 1960 ambayo bodi yake ukiigonga inaitika. Gari ambalo jua na vumbi vya miaka 50 vimeshindwa kuliangamiza, linaharibiwa kwa nusu saa na mtu aliyeshika grainda. Nalisema hili kila mahali ninapoalikwa, na nitaendelea kulisema.

Nitawaeleza habari ya Volkswagen Beetle moja ya mwaka 1965. Kijana aliirithi kwa babu yake, ikiwa nzima, na rangi yake ni ile ile ya kwanza. Wanaozijua gari hizi wanafahamu kwamba dashibodi yake ni bati moja lililochomelewa pamoja na bodi na kupakwa rangi moja na gari. Hakuna skrubu za kuifungua ukaleta nyingine. Katikati yake kiwanda kiliacha nafasi ndogo ya redio ya wakati ule, iliyozibwa kwa kibati kama gari liliuzwa bila redio, na pembeni kikaweka mahali pa spika. Redio ya siku hizi ya ukubwa wa kawaida ina uso wa milimita 180 kwa 50 na haiingii hapo. Kijana hakutaka hata hiyo ya kawaida. Alitaka yenye kioo, ambayo kimo chake ni mara mbili. Karakana aliyoipelekea haikumwuliza swali hata moja. Walichora mstari kwa kalamu, wakawasha grainda.

Sasa nawaomba vijana mfikiri pamoja nami. Katika Beetle injini iko nyuma, na tangi la petroli liko mbele, chini ya boneti, karibu kabisa na mgongo wa dashibodi. Cheche za grainda zilikuwa zinarukia upande wa tangi ambalo halikutolewa na wala halikumwagwa petroli. Hawakuungua siku ile, na sina maelezo mengine ila kwamba Mungu aliwahurumia.

Walipomaliza kukata ndipo walipogundua kwamba gari ni la volti 6. Volkswagen walihamia volti 12 katika magari yao mengi kuanzia modeli ya 1967, na hili lilikuwa la kabla ya hapo. Redio ya volti 12 haikuwaka. Badala ya kusimama na kutafakari, wakaweka betri ya pili ya volti 12 kule mbele, kando ya tangi, bila kuifunga kwa mkanda na bila fyuzi yoyote, wakamwambia kijana awe anaichaji nyumbani usiku. Gari liliendelea hivyo hadi waya ulipojisugua kwenye ukingo wa bati, ganda lake likayeyuka, ukapiga shoti, ukakatika wenyewe kabla ya kuwasha kitu.

Gari lilipoletwa kwetu, swali la redio lilikuwa limekwisha. Swali lilikuwa namna ya kurudisha uso wa gari. Tulitoa tangi, tukatoa kipima mwendo na nyaya zote za mbele. Tukatafuta Beetle nyingine iliyokufa, tukakata kipande cha dashibodi yake, fundi bodi akakichomelea kidogo kidogo ili bati lisipinde kwa joto. Kisha ikaja kazi ya rangi, na hapo wenye gari ndipo hulia, kwa sababu rangi ya dashibodi ni rangi ya gari, na rangi iliyopigwa jua kwa miaka mingi haipatikani kwenye kopo jipya. Fundi rangi alichanganya na kujaribu mara nyingi kabla macho hayajakubali. Gharama yote ilizidi mbali bei ya ile redio yenye kioo. Na gari lile lililokuwa limekufa, ambalo lingeweza kutoa dashibodi nzima kwa mtu mwenye shida ya kweli kama ajali, tulilikata kwa sababu ya pupa ya watu wengine.

Nakisikia kinachosemwa huko nyuma: Mwalimu, gari ni la kutumia, halikuwekwa makumbusho. Nakubaliana nawe kabisa. Gari la zamani lisilotembea hufa, na mtu anayeendesha kutoka hapa hadi Kondoa ana haki ya kusikiliza muziki safi njiani. Mwingine atasema anatosheka na spika ndogo ya kuchaji iliyowekwa juu ya kiti. Ndugu yangu, ukifunga breki ghafla kwa ajili ya ng'ombe, spika hiyo inaruka mbele kwa kasi ile ile uliyokuwa nayo, na magari haya mengi hayana mikanda ya maana wala mito ya hewa. Kitu kizito kisichofungwa hakikai juu ya kiti cha gari.

Basi ile Beetle ingefungwaje? Ingefungwa amplifaya ndogo isiyo na uso, yenye Bluetooth ndani yake, na simu ya mwenye gari ndiyo ingekuwa redio, kaseti na maktaba. Amplifaya za daraja D za siku hizi hazipotezi umeme mwingi kwa joto, kwa hiyo huwa ndogo kiasi cha kujificha nyuma ya droo ya dashibodi, zikishikiliwa na kibati kinachotumia skrubu za kiwandani zilizopo tayari. Kitufe cha sauti kinakaa ndani ya kisahani cha majivu ya sigara: ukikifunga, mtu yeyote akichungulia dirishani anaona gari la 1965.

Mtauliza kama umeme utatosha, na hili lazima lipigiwe hesabu. Tuseme amplifaya inatoa wati 40 kwa jumla. Ukihesabu upotevu wake, na upotevu wa kifaa kinachopandisha volti 6 kuwa 12, utahitaji kama wati 52 kutoka kwenye gari, yaani karibu ampea 9 kwa volti 6. Dinamo ya gari hilo haizidi wati 180, na taa mbili za mbele za wati 45 kila moja zinameza nusu yake. Inatosha, kwa kuwa muziki haufiki kileleni kila sekunde, lakini haitoshi kwa mtu anayetaka kutikisa mtaa wa Majengo usiku huku gari limesimama, maana dinamo injini ikiwa inanguruma polepole haitoi karibu chochote.

Na msidanganywe na maandishi ya kwenye maboksi. Redio imeandikwa wati 50 mara nne. Gari la volti 12 likiwa linachaji lina kama volti 14.4, na kwa spika ya omu 4, amplifaya isiyo na kikuza volti ndani yake haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi, hata kabla ya kutoa upotevu. Hizo 50 hupatikana pale mawimbi ya sauti yanapokatwa vichwa, na sauti iliyokatwa vichwa ndiyo inayounguza spika. Kwa hiyo msihesabu wati za boksi. Tafuteni spika yenye usikivu mkubwa, inayopaza sauti kwa umeme kidogo.

Kuhusu mahali pa spika: milango haikatwi, kwa sababu ile ile, na pia kwa sababu maji ya mvua hupita ndani ya mlango. Mahali pa asili pa spika panatosha mkiweka spika moja yenye koili mbili, ambayo hupokea upande wa kushoto na wa kulia kwa pamoja katika koni moja. Mpenda muziki atalalamika kwamba anapoteza pande mbili. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1960 zilirekodiwa kwa mkondo mmoja, kwa hiyo hapo hapotezi chochote. Na akitaka zaidi, visanduku viwili vidogo vilivyokazwa nyuma ya kiti cha nyuma vitamtosha. Ila katika Beetle asiviweke chini ya kiti hicho: betri iko hapo, na springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, gari huwaka moto.

Mimi nikimaliza kufunga hupima kwa sauti ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo. Nasikiliza kwanza ilimba, ala yenye meno ya chuma yanayopigwa kwa vidole gumba, kisha sauti yake inapopanda kutoka chini kabisa hadi juu. Kama meno ya ilimba yanasikika moja moja bila kuchanganyika na mngurumo wa injini, kazi imekubali. Besi nzito huficha makosa mengi ya fundi, na ilimba haifichi kosa lolote. Spika zenyewe chagueni zenye ukingo wa mpira. Ukingo wa sponji haukai na jua letu.

Naona mwenyekiti ananyoosha kidole kwenye saa, na nilikuwa na mengi kuhusu kubadilisha matumbo ya redio ya zamani huku uso na vitufe vyake vikibaki. Nitasema moja tu: redio ya taa za kioo, zile za kabla ya transista, msiifungue kama hamkufundishwa, ina volti kubwa ndani yake.

Mkisikia kwenye spika mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini, hakikisheni vifaa vyote vya sauti vimepata ethi, yaani waya wa kwenda kwenye bodi, sehemu moja, wekeni kondensa kwenye dinamo, na waya za plagi ziwe zile zenye ukinzani. Fyuzi ikae jirani na betri, isikae jirani na amplifaya, kwa sababu inalinda waya.

La mwisho ni la hatari. Land Rover za mwanzoni mwa miaka ya 1960, na magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule, waya chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Redio ya kisasa kasha lake ni hasi, na ganda la waya wa antena ni hasi vilevile. Wengine hukumbuka kutenga kasha kwa mpira na kusahau antena, na shoti inapita hapo hapo. Dawa ni kifaa cha kubadili umeme ambacho pande zake mbili hazigusani, au kugeuza gari zima liwe hasi kwenye bodi, kazi inayohusu betri, koili, kipima ampea na kuifundisha dinamo upya, yaani kugeuza usumaku wake, na haifanywi kwa kubahatisha. Wenye magari ya namna hiyo wabaki hapa uwanjani baada ya kikao. Nina mita, tutapima betri ya kila gari dhidi ya bodi yake kabla mtu yeyote hajaunganisha waya.