Waya, nailoni na meno ya nguru

MPWA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Ninazungumza nanyi kutoka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, na mbele yangu amekaa mjomba wangu, aliyeanza kuvua katika mkondo wa Pemba kabla mimi sijazaliwa. Shikamoo, Mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Naona umekuja na kipande cha mshipi mkononi.

MPWA: Ndicho kilichobaki juma lililopita tulipokuwa tukirambaza, yaani tukikokota chambo nyuma ya chombo, nje ya kisiwa cha Wasini. Samaki alidaka chambo, mshipi ukatoka kwa kasi, kisha ukalegea ghafla, na ndoana haikurudi. Wenzangu chomboni walisema kwamba mshipi ulikuwa mwembamba, na kwamba tungeweka mnene zaidi tusingempoteza.

MJOMBA: Hebu nione. Hapana, wamekosea. Itazame ncha hii: imekatika wima, safi, kana kwamba imepitishwa wembe. Mshipi uliosuguliwa na mwamba huwa na vinyweleo na weupe kwa urefu wa kama shibiri nzima, na fundo likiachia, ncha hubaki imejikunja mithili ya springi. Huu umekatwa kwa meno, na kwa pale mlipokuwa ningesema ni nguru, au pengine mzia. Mngeweka nailoni ya unene maradufu, angeuma mara ya pili tu.

MPWA: Kwa wasikilizaji ambao si wavuvi, tunachokizungumzia ni kipande cha mbele, yaani kile kinachokaa kati ya mshipi mkuu na ndoana, ambacho ndicho kinachokutana na mdomo wa samaki. Je, hakichaguliwi kwa kuangalia uzito wa samaki?

MJOMBA: Mimi huanza na silaha yake, uzito baadaye. Nguru wa kilo 6 hukata kitu ambacho jodari wa kilo 40 hawezi kukikata, kwa sababu nguru ana meno bapa ya pembetatu yaliyopangana kama msumeno, ilhali jodari ana vijino vidogo tu, ila macho yake ni makali. Basi nguru na mzia huwekewa waya wa chuma, na jodari huwekewa kitu kisichomshtua. Sulisuli na nduaro hawakati kwa meno, lakini ule mdomo wao mrefu unakwaruza kama tupa, na samaki anayepigana nawe saa nzima huku akiuburuza mshipi juu ya tupa hiyo ataumaliza. Hao hutaka nailoni nene, na kwa nduaro mkubwa mimi sishuki chini ya ile inayohimili kilo 100. Papa ana yote mawili, meno mbele na ngozi ya msasa mwili mzima, kwa hiyo utamwekea waya karibu na ndoana, kisha nailoni nene iliyo ndefu kuliko mwili wake, ili mkia usiufikie mshipi mkuu.

MPWA: Madukani tunauziwa fluorokaboni, aina ya mshipi wa plastiki unaofanana na nailoni, kwa bei kubwa, na tunaambiwa kwamba haionekani kabisa ndani ya maji.

MJOMBA: Hapo wauzaji wametia chumvi. Mshipi usioonekana kabisa ungepinda nuru sawasawa na maji. Kipimo cha namna maji yanavyopinda nuru ni 1.33, cha fluorokaboni ni 1.42, na cha nailoni huzidi 1.5, kwa hiyo fluorokaboni imeyakaribia maji, haijalingana nayo. Mimi huinunua kwa sababu nyingine: hainywi maji, wakati nailoni ikiloa hupungua nguvu, hasa kwenye fundo, tena fluorokaboni huzama upesi na hustahimili kusuguliwa. Kwa jodari ina thamani yake. Kwa nguru utakuwa umemnunulia chakula cha ghali.

MPWA: Tukirudi kwenye waya, kuna wa uzi mmoja na kuna wa kusukwa.

MJOMBA: Wa uzi mmoja ni mwembamba ukilinganisha na nguvu zake. Namba 7 una unene wa milimita 0.46 hivi na huhimili takriban kilo 32. Namba 9 huhimili karibu kilo 48. Kwa nguru wa kwetu namba 7 unatosha, tena nusu mita tu, kwa maana waya mrefu na mnene humfanya samaki asite na huharibu mwendo wa chambo. Kasoro yake ni moja: ukishapinda kona, usiunyooshe, utupe. Wa kusukwa kwa nyuzi 7 au 49 huvumilia kupindwa, na ule wa 49 ni laini sana, ila meno hukata uzi mmoja mmoja bila wewe kujua.

MPWA: Nimeuleta namba 7 na ndoana. Nielekeze, nami nitawasimulia wasikilizaji.

MJOMBA: Pitisha waya kwenye tundu la ndoana, rudisha ncha, kisha zipishanishe nyaya mbili kama herufi X iliyotanuka. Sasa zisokote zote mbili kwa pamoja, kila moja ikiizunguka nyenzake, mara nne au tano. Angalia sana hapo, kwani wengi huacha waya mmoja umenyooka na mwingine ukiuzunguka kama mtambaazi juu ya mti, na msokoto wa namna hiyo huteleza mzigo ukija.

MPWA: Nimesokota. Vidole vinauma.

MJOMBA: Sasa ukunje mkia uwe pembe mraba, uuzungushe mara tano, mizunguko ikibanana bila nafasi. Plaizi iache hapo hapo. Ukikata kwa plaizi utabakisha mwiba utakaokupasua kiganja siku ya kumpandisha samaki. Kunja ncha iwe kama mkono wa cherehani, uichezeshe huku na huku mpaka ivunjike yenyewe.

MPWA: Imevunjika, na nikipitisha kidole sihisi kitu. Je, kwa nailoni nene isiyofungika fundo?

MJOMBA: Hiyo hutumia kibomba cha kubania, yaani kimrija cha madini kinachobanwa juu ya mshipi uliokunjwa kitanzi. Kiwe cha kipimo cha mshipi wenyewe, na ukibane katikati, usizibane kingo zake, kwa sababu kingo zikibanwa hugeuka kisu. Kibomba cha alumini kiweke kwenye nailoni; kwenye waya wa chuma tumia cha shaba, maana alumini na chuma cha pua vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa.

MPWA: Sasa nijaribu wangu?

MJOMBA: Tundika ndoana kwenye ile pete ya nguzo, vaa glavu, simama kando, kisha vuta kwa uzito wako wote.

MPWA: Navuta. Mjomba, umeachia!

MJOMBA: Ulete hapa. Unaona? Huu mmoja ulibaki umenyooka. Kata kipande kingine.