Rejeta juu moto, chini baridi: tope jeusi nililotoa kwenye hita ya nyumba yangu Leeds

Asalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani. Leo sitoki, niko sebuleni kwangu hapa Leeds, Uingereza, nje ni nyuzi 2, na kuna ndoo nataka muione. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona weusi huo? Mtu akiingia ghafla atadhani nimemwaga oili ya gari. Haya ni maji, yametoka ndani ya hita ya nyumba.

Kwa walio Tanga, Dar na kwingineko ambao hawajaona kitu hiki, nianze na hili bati jeupe ukutani, chini ya dirisha. Tunaliita rejeta, na kazi yake inafanana na ile ya gari, ila hii ndiyo inayopasha chumba. Jikoni kuna boila ya gesi inachemsha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba hadi kwenye kila rejeta, yakishapoa yanarudi kwenye boila. Maji hayo huogi wala hunywi. Ni yale yale yanazunguka humo miaka nenda miaka rudi.

Aliyegundua tatizo ni Mama. Alikuja kunitembelea Januari, akawa analala na blanketi mbili na kanga kichwani, na mimi hita nimeiwasha tangu alfajiri. Siku moja nikamkuta amechutama, anaipapasa rejeta ya chumbani kwake. Akaniambia, "Mwanangu, huku juu inaunguza, huku chini baridi kama mtungi." Nikaweka mkono wangu, kweli. Nikazunguka nyumba nzima. Rejeta ziko saba, na tano zilikuwa hivyo hivyo.

Sasa shikeni hili, hasa ninyi mliofika Uingereza karibuni. Rejeta ikiwa baridi juu na moto chini, ndani kuna hewa. Unachukua kile kifunguo kidogo, unalegeza skrubu ya pembeni juu, hewa inatoka fyuuu, maji yakianza kudondoka unafunga. Usiwe na kiberiti wala sigara karibu, maana chuma kikiwa kinaliwa na maji humo ndani kinatoa gesi ya haidrojeni, na hiyo inawaka. Lakini ikiwa moto juu na baridi chini, hasa pale katikati, hapo ni tope. Limelala chini, maji ya moto yanapita juu yake.

Tope linatoka wapi? Ni kutu. Rejeta ni za chuma. Huku nje chuma kikipata hewa na maji kinatoa kutu nyekundu, lakini mle ndani oksijeni ni haba, kwa hiyo kutu inatoka nyeusi, laini kama masizi ya sufuria. Na inanasa kwenye sumaku. Nimeifunga sumaku ya friji ndani ya mfuko wa nailoni, naichovya kwenye ndoo, tazameni. Mfuko ulikuwa mweupe. Sasa umevaa koti. Hicho ni chuma cha rejeta zangu, kimekuwa unga.

Mafundi gari mnaonisikiliza mnalijua hili kuliko mimi. Gari ukilijaza maji ya bomba matupu kila siku badala ya kulanti, rejeta inaota kutu, njia zinaziba, injini inachemsha. Hapa ni hivyo hivyo. Kuna dawa ya kuzuia kutu inapaswa kuwemo ndani ya maji haya, na kwangu haikuwemo. Tena palikuwa na koki inayovuja taratibu nyuma ya kochi. Kipimo cha presha kwenye boila kinatakiwa kisome kati ya 1 na 1.5 maji yakiwa baridi, kwangu kilikuwa kinashuka hadi sifuri, na kila kikishuka naongeza maji. Maji mapya yanakuja na oksijeni mpya, na oksijeni mpya inakuja na kutu mpya. Miaka mitatu nimefanya hivyo. Kwa hiyo ukiona unaongeza maji kila mwezi, tafuta kwanza panapovuja.

Fundi wa kwanza niliyemwita hata rejeta hakugusa. Aliisikiliza boila inavyounguruma, akaniambia ninunue mpya, pauni 2,800. Hili limeniuma, na ndiyo sababu kubwa ya kurekodi video hii. Boila mpya ukiifunga kwenye maji haya nayo itakunywa tope hili hili, na watengenezaji wengi wanaikataa dhamana kama mfumo haukusafishwa kwanza. Ndugu zetu wanafanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, pauni 2,800 ni jasho la miezi. Gusa rejeta zako kabla hujasaini chochote.

Mbili nilizifungua mwenyewe. Zima hita, acha ipoe kabisa. Funga koki zote mbili za chini. Ile yenye kifuniko inafungwa kwa spana, na hesabu umezungusha mara ngapi, ya kwangu ilikuwa moja na nusu, kwa sababu wakati wa kurudisha lazima uifungue vile vile, la sivyo rejeta moja itanyonya joto la wenzake. Tandaza taulo kuukuu na beseni. Legeza nati taratibu, kisha fungua ile skrubu ya juu hewa iingie, maji yashuke. Tope hili likigusa zulia halitoki. Na rejeta ni nzito, msiibebe peke yenu. Mimi nilisaidiana na jirani hadi nje, tukaingiza mpira wa maji upande mmoja, tukaigongagonga kwa nyundo ya mpira. Yalianza kutoka meusi tititi, yakawa kijivu, mwishowe yakatoka ya kawaida. Yale ya kwanza nilimwaga chooni. Usimwage kwenye mfereji wa barabarani, mingi inaishia mtoni.

Zilizobaki niliita fundi wa pili. Wiki moja kabla alitia dawa ya kulainisha tope, hita ikaendelea kuwaka kama kawaida. Siku yenyewe akaja na mashine ya kusukuma maji kwa kasi, akasafisha rejeta moja moja, akiyageuza maji yaende mbele, yarudi nyuma. Saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kisha akafunga kichujio chenye sumaku kwenye bomba linalorudi kwenye boila, akabadilisha ile koki inayovuja, akatia dawa ya kuzuia kutu. Nililipa pauni 550.

Boila yenyewe msiifungue. Kisheria kazi ya gesi hapa ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Mwombe kadi yake, ina picha na namba, nyuma imeandikwa kazi anazoruhusiwa. Fundi mwenyewe hatakasirika ukimwomba.

Na ninyi mnaopanga, msitoe hata senti. England kuna sheria ya mwaka 1985, na Wales kuna yao ya mwaka 2016, zinazomtaka mwenye nyumba aihudumie hita na kuitengeneza ikiharibika. Mwandikieni kwa barua pepe au ujumbe wa simu, muwe na ushahidi. Pigeni picha mkono ukiwa chini ya rejeta, mtajeni na chumba chenye mtoto au mzee.

Njooni juu, hiki ndicho chumba alicholala Mama. Naweka mkono chini kabisa hapa pembeni... moto. Katikati... moto. Jana nilimpigia kwa video, akaniambia, "Hebu usiutoe mkono, nione kama utavumilia." Sikuvumilia.

Iliyobaki ni ya bafuni. Bado vuguvugu. Bomba lake ni jembamba, kama unene wa kalamu, na fundi anahisi tope limeganda humo humo ndani ya bomba. Anarudi Jumamosi saa tatu asubuhi. Kamera nitaiweka pale mlangoni, muone linavyotoka.