Mtoto Anayetaka Poni: Mazungumzo na Wazazi wa Lubumbashi

Jambo yenu, wapapa na wamama. Na ninyi watoto mlioketi chini hapa mbele, jambo yenu pia. Walioalikwa ni wazazi, lakini habari ya leo ni yenu.

Sisi madaktari wa mifugo tunalijua swali hili. Mzazi huja akicheka kidogo, kama anayeona haya: "Dokta, mtoto wangu amemwona poni kwenye televisheni, sasa hana habari nyingine. Nimwambie nini?" Ukimuuliza amekwisha kumwambia nini, jibu ni moja: hatuna pesa. Ni kweli, pesa hakuna. Lakini mtoto anaelewa kwamba papa akipata kazi nzuri kwenye migodi, mnyama atashushwa kwenye kamio, na mambo yameisha. Mimi ningependa aambiwe kazi yenyewe. Aambiwe kwa kilo na kwa lita, kisha aachwe aendelee kutaka, kama bado anataka.

Poni ni farasi mfupi, asiyezidi kama sentimita 148 kutoka chini hadi mabegani. Tumchukue mdogo wa kilo 200. Kwa siku anahitaji kilo 4 hivi za nyasi kavu. Kwa mwaka ni karibu tani moja na nusu, na nyasi hizo zikatwe mvua zinapoelekea kwisha, zianikwe, zifungwe, ziwekwe mahali pasipovuja. Mnajua wenyewe pori letu linavyokuwa mwezi wa tisa: limeungua, limebaki vumbi. Asiyeweka nyasi mapema atazinunua kwa bei anayotajiwa.

Maji ni lita 10, na siku za joto kali hufika 20. Bidoni nzima, kila siku, hata siku ambayo bomba la mtaa limekauka na nyumbani mnagawana maji ya kuogea.

Najua kuna mtoto hapa anafikiri: mahindi tunayo, tutampa mahindi. Hapo ndipo ningeomba mnisikilize vizuri. Tumbo la farasi limeumbwa kwa nyasi, kidogo kidogo, mchana kutwa. Akila mahindi mengi kwa mara moja, tumbo linachachuka. Poni hasa huweza kupata uvimbe ndani ya kwato, akashindwa kusimama. Mahindi yenye ukungu ni mabaya zaidi, maana kuna sumu ya ukungu inayoharibu ubongo wa farasi, na mnyama anaweza kufa katika siku chache. Na farasi hawezi kutapika. Mbwa akila kitu kibaya anakirudisha. Farasi kikishaingia kimeingia. Msokoto wa tumbo ukimkamata usiku wa manane, mtu anaamka, anamwita daktari, anashika kamba na kukaa naye mpaka afike. Mtu huyo ni nani nyumbani kwenu?

Mavi sitakaa nayo sana, ingawa ndiyo yanayowachekesha watoto. Ni kama kilo 10 kwa siku, yaondolewe kila siku, la sivyo nzi watahamia kwenu na jirani atakuja na maneno. Uzuri wake ni kwamba wamama wanaolima lengalenga watayapokea kwa furaha yakishaoza vizuri. Kwato nazo zinakwanguliwa kila siku, mguu kwa mguu, tope na mawe yatoke. Baada ya wiki 6 hadi 8 mtu mwenye ujuzi anazikata. Meno yanakaguliwa kila mwaka.

Sasa niwaambie kwa nini bibi zenu hawakufuga farasi. Misafara iliyokwenda Bunkeya kwa mfalme Msiri, ya kutoka Angola na ya kutoka pwani ya mashariki, mizigo yake ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Haikuwa ujinga. Mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe njiani. Reli ilipofika hapa mwaka 1910, mzigo ukapanda treni bila kupitia mgongo wa farasi. Punda milia yeye ameizoea nchi hii, na wachache waliosalia katika Kongo yetu wako katika hifadhi ya Upemba. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba huko Uingereza waliwavika farasi wa kawaida majoho yenye michirizi kama ya punda milia, na nzi wakashindwa kutua vizuri. Watoto, msiende kupaka mbuzi rangi.

Mjini mbung'o si tatizo kubwa, lakini usubi, wale wadudu wadogo sana wanaouma, upo, na usubi hubeba tauni ya farasi. Farasi asiyechanjwa akiipata, mara nyingi hufa. Usubi huuma tangu machweo mpaka alfajiri. Kwa hiyo kazi kubwa ya mtoto wa Lubumbashi mwenye poni haimo kabisa kwenye televisheni: kila jioni, kabla jua halijazama, mnyama awe ndani ya banda lenye wavu wa matundu madogo sana. Kila jioni, pamoja na siku ya mtihani, na siku ya mechi ya TP Mazembe. Chanjo ni kila mwaka, na huagizwa mbali. Mimi nadhani hapa ndipo wengi wangeshindwa, wala si kwenye mavi. Mavi yanaonekana, mtu ataona aibu atazoa. Usubi hauonekani, na jioni moja ya uvivu inaweza kutosha.

Kuna hesabu nyingine ambayo watoto hawaipendi. Mnyama asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake. Poni wa kilo 200 ana haki ya kilo 40, tandiko likiwemo. Mtoto wa miaka 9 anaingia humo vizuri. Akifika 13 pengine haingii tena, na poni anaweza kuishi miaka 25, hata 30. Basi atamlisha, atamnywesha na kumfungia kila jioni mnyama ambaye yeye mwenyewe hawezi tena kumpanda. Nilimuuliza msichana mmoja kama atakubali hilo. Alifikiri, akasema atamfundisha mdogo wake kupanda, yeye atashika kamba. Sijasikia jibu zuri kuliko hilo kutoka kwa mtu mzima.

Papa uliyeinua mkono, nimekusikia: kwenye parseli, kiwanja cha nyumba ya mjini, inawezekana? Hapana. Poni anahitaji uwanja wa kutembea, na anahitaji mwenzake, maana peke yake huhangaika. Hata mbuzi anafaa kuliko upweke. Kama una shamba upande wa mto Kafubu na mtu anayelala huko, tuzungumze.

Wengine wote, nina pendekezo. Mtu mmoja mwenye farasi amekubali watoto wachache waje Jumamosi asubuhi pamoja na mzazi. Waje na viatu vya mpira na nguo za kuchafuka. Watazoa, watachota maji, watashika brashi. Mwenye banda atawaonyesha jinsi ya kuinua mguu bila kukanyagwa. Kupanda hakutakuwepo siku hiyo. Karatasi ya kuandika majina iko kwa mama pale mlangoni, na naomba mtoto aandike jina lake mwenyewe.