Mafunzo ya Mshauri Nasaha Yaanzie kwa Mshauri Mwenyewe

DADA: Kamwene, wanyalukolo wote mnaotusikiliza kutoka Iringa, Njombe, Mbeya hadi kule Tukuyu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mbeya, na kama kawaida niko pamoja na Mwalimu wangu, ambaye hufundisha washauri nasaha mkoani Iringa. Leo tunazungumzia namna ya kumwandaa mtaalamu wa afya ya akili ili ahudumu kwa kuheshimu utamaduni wa mtu, na ili asiendeleze ubaguzi wa rangi au wa kabila ndani ya chumba cha ushauri. Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, Dada. Niseme mapema ninachokiamini: mafunzo ya namna hii yakianza kwa kumkaririsha mwanafunzi tabia za makabila, yamekwisha kupotoka. Yanapaswa kuanza kwa kumwonyesha kwamba taaluma anayoisomea iliwahi kushiriki kuwadhalilisha watu, na kwamba yeye mwenyewe anaingia chumbani akiwa na dhana alizokuzwa nazo.

DADA: Tuanze na hilo la taaluma, maana wanafunzi wengi hudhani ubaguzi ulikuwa wa watawala, si wa matabibu.

MWALIMU: Ulikuwa wa matabibu pia, na waliuandika kwa lugha ya kisayansi. Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, alidai kuwa mtumwa anayemtoroka bwana wake ana ugonjwa wa akili, akaupa jina la drapetomania. Hilo laweza kuonekana la mbali, lakini hili ni la jirani zetu. J. C. Carothers aliwahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mwenye afya njema na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, na humo malalamiko ya watu walionyang'anywa ardhi yakafanywa kuwa suala la akili iliyoyumba. Carothers alishikilia pia kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ni nadra kwa Waafrika. Tazama madhara yake: daktari aliyefundishwa hivyo haitafuti sonona, asipoitafuta haioni, na asipoiona anaandika kwamba haipo.

DADA: Na ilikuwepo.

MWALIMU: Ilikuwepo. John Orley na John Wing walichapisha mwaka 1979 utafiti uliofanyika katika vijiji viwili vya Uganda, na walipowalinganisha wanawake wa huko na wanawake wa kusini mwa London, sonona ilionekana zaidi Uganda. Hata leo, nchini Marekani, wagonjwa weusi huandikiwa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, mara nyingi kuliko weupe, hata pale ambapo dalili za huzuni nzito zipo na hazikuulizwa. Oktoba 2021 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika ubaguzi wa rangi. Mwanafunzi wetu anayesoma vitabu vya huko anapaswa kujua vilitoka kwenye historia gani.

DADA: Msikilizaji wa Mafinga anaweza kusema kwamba hayo ni ya Wazungu na weusi, ilhali chumba chake cha ushauri kina mshauri mweusi na mgonjwa mweusi.

MWALIMU: Namjibu kwa jambo analolijua vizuri. Nchi nzima inasema kwamba Mhehe akikasirika anajinyonga. Linasemwa kwenye mabasi, kwenye vijiwe na kwenye harusi, na watu hucheka. Wapo wanaolihusisha na Mtwa Mkwawa, aliyejipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kana kwamba uamuzi wa kiongozi aliyezingirwa vitani ni ushahidi wa tabia ya mjukuu wake wa leo. Kauli hiyo imejengwa sawasawa na ya Carothers. Inachukua mateso ya mtu mmoja, inayageuza kuwa asili ya kabila lake, kisha haimuulizi mtu huyo chochote.

DADA: Hilo nimelishuhudia, Mwalimu, na liliniumiza. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, niliona jalada la mzee aliyetoka Kilolo. Mstari wa kwanza ulitaja kabila lake, wa pili ukasema anazungumzia kufa, na wa tatu ukasema amepewa dawa ya usingizi na kuruhusiwa arudi nyumbani. Hapakuwa na mstari wa nne. Nilipoketi naye, baada ya salamu ndefu za kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za mvua, alinieleza kwamba alikuwa ameuza shamba lake la miti ili kulipa deni la mwanawe, na kwamba tangu siku hiyo haoni uso wa kuwaangalia ndugu zake. Alikuwa akilala saa chache tu, chakula hakimwendi, na nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya. Dalili zote za sonona zilikuwepo hapo, lakini aliyempokea alikuwa amekwisha kupata maelezo yake kwenye kabila.

MWALIMU: Na yule aliyempokea huenda si mtu mbaya hata kidogo. Ndiyo maana nasema ni suala la mafunzo. Tena kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mgonjwa anapoulizwa juu ya kufa husikia sauti ya polisi. Mwanafunzi anapaswa kufundishwa kuuliza waziwazi, kwa upole, akieleza kwanza anauliza kwa sababu gani.

DADA: Ulinieleza siku moja habari za Frantz Fanon kule Algeria. Naomba wasikilizaji nao wazipate.

MWALIMU: Fanon, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Martinique, alianza kazi katika hospitali ya Blida mwaka 1953. Yeye na msaidizi wake Jacques Azoulay walianzisha tiba ya kijamii, yaani mikutano ya wodi, sherehe, filamu na gazeti la wagonjwa. Kwa wanawake wa Kizungu ilifaulu. Kwa wanaume Waislamu wa Algeria ilishindwa kabisa, watu wakakaa kimya, wengine wakajitenga. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba Waarabu hawatibiki. Wao waliandika kwamba kosa ni la tabibu, aliyeleta mtindo wa maisha ya Ulaya na kuuita tiba. Wakafungua mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwalika msimulizi wa hadithi. Baadaye Fanon na Charles Geronimi wakaonyesha kwamba hata jaribio la kumpa mgonjwa picha azisimulie halikufaa kwa wanawake Waislamu, kwa kuwa picha zenyewe zilichorwa kutokana na maisha ya Wazungu.

DADA: Kwa hiyo tabibu alijichunguza kwanza. Lakini bado ninauliza, je, si lazima mshauri ajue mila? Kule Rungwe, katika desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto humkwepa baba mkwe wake, hata kumtazama au kulitaja jina lake ni mwiko. Mshauri asiyejua hilo, akimwona mwanamke kijana amejifunika uso na hajibu kitu huku baba mkwe aliyemleta ameketi pembeni, ataandika kwamba hana mawasiliano ya macho na hisia zake zimefifia.

MWALIMU: Ni lazima ajue, na mfano wako ni mzuri sana. Hofu yangu ni kwamba nikiutoa darasani, kuna mwanafunzi ataandika daftarini kwamba mwanamke wa Kinyakyusa hasemi. Kisha atakutana na mfanyabiashara wa ndizi wa Kiwira anayesema kwa saa nzima, aone kama hali hiyo ndiyo ugonjwa. Mila hubadilika, hufuatwa kwa viwango tofauti, na wengine wamezikimbia kwa sababu ziliwaumiza. Ujuzi wa mila umpe mshauri swali la kuuliza, basi. Katika mfano wako, amwombe mzee kwa heshima akasubiri nje, kisha amuulize binti mwenyewe anapendelea nani awepo.

DADA: Nyenzo za kufundishia hayo zipo?

MWALIMU: Zipo. Mwaka 1992 mwanasaikolojia wa Marekani, Derald Wing Sue, na wenzake walitangaza umahiri ambao mshauri wa watu wa tamaduni mbalimbali anapaswa kuwa nao, na waliweka mbele kuzijua dhana zake mwenyewe. Mwaka 1998 Melanie Tervalon na Jann Murray-García wakasisitiza unyenyekevu, kwa kuwa umahiri humfanya mtu adhani amehitimu. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 una mahojiano yenye maswali 16 kuhusu utamaduni, na moja huuliza jinsi ambavyo mtu angewaelezea ndugu au jamaa zake tatizo lake. Hilo nalipenda, kwa maana linafungua mlango wa kusema kwamba kichwa kinawaka moto, kwamba ni mawazo, au kwamba ni mkono wa mtu, bila mgonjwa kuogopa kudharauliwa.

DADA: Na darasani mnafanyaje?

MWALIMU: Tunatumia igizo dhima, yaani wanafunzi huigiza mshauri na mgonjwa, na mshauri hupewa mgonjwa wa kabila analolitania. Kisha katika usimamizi wa kitaalamu tunasoma jalada aliloandika, mstari kwa mstari, na kila mahali alipotaja kabila, dini au rangi tunamwomba aeleze neno hilo limebadilisha nini katika matibabu. Akikosa jibu, tunamwomba alifute na aandike alichokisikia kwa mgonjwa.

DADA: Hilo la majalada nitalipeleka wodini kwetu Jumatatu, tuanze na yale ya mwezi huu.