Nani Kashika Daftari?

Shikamooni, mama zangu. Na nyie mabinti mliojipanga ukuta wa nyuma kama mnasubiri chanjo, nawaona, marahaba hata kabla hamjasalimia.

Kabla sijaanza, nishikieni namba moja: milioni moja, laki nne, elfu themanini na sita na mia tano. Msiandike popote. Ishikeni kichwani, nitaidai.

Nimeitwa nizungumze namna wanawake wanavyoweza kuinuana. Nikamuuliza aliyenialika: kwani waliacha lini? Mwaka 1955, TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru wa Tanganyika, kikiwa na wanaume tele na wanawake wa kuhesabu, Bibi Titi Mohamed hakuanza kwa kuunda kamati. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma hapahapa Dar es Salaam, akawaendea viongozi wenzake wa ngoma, wa lelemama na wengineo. Vikundi vile vilikuwa na michango, na uongozi, na watu wanaojuana mpaka tabia. Mwaka uleule maelfu ya wanawake walikata kadi. Bibi Titi alibisha hodi kwenye nyumba ambazo tayari zilikuwa na watu.

Nyumba hizo leo ni vikoba, hivi vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana.

Mama yangu alicheza upatu. Kijumbe anazunguka, anakusanya, anampa mwenye zamu. Ni jambo jema, lakini lina ugonjwa wake: aliyepokea mwanzo analala, wa mwisho anakesha akiomba. Mwaka mmoja mama alikuwa wa mwisho, na kijumbe akahama mtaa usiku. Sikumbuki kama mama alilia. Nakumbuka mlenda, mwezi mzima.

Kwa hiyo mimi nilipoona sanduku la kufuli tatu kwa mara ya kwanza, nililipenda kabla sijaelezwa. Mtindo huo ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE, wakiujenga juu ya upatu wao wenyewe. Funguo tatu kwa watu watatu, na mweka hazina hashiki hata mmoja. Hela inahesabiwa katikati ya duara, kwa sauti, na kila mtu anaona. Kikao kikiisha, katibu anataja salio, wote wanalikariri. Wiki ijayo, kabla sanduku halijafunguliwa, wanaulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi sawa na mwalimu mkuu. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha kikoba, hayo ya riba na mgao yanafuata.

Lakini hesabu nayo tuifanye, maana wengine mmekuja kwa ajili hiyo. Chukua watu 25. Hisa moja shilingi 2,000, kila mtu anunue tatu kwa wiki. Ni 150,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni 7,800,000, riba bado haijaingia.

Sasa linganisha na ile mikopo tunayoiita kausha damu. Umepewa laki moja, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 30. Umelipa laki na nusu. Hiyo elfu hamsini imekwenda kwa mtu usiyemjua, na ukichelewa siku mbili anakuja kubeba televisheni mbele ya wanao. Kwenye kikoba cha riba ya asilimia 5 kwa mwezi, laki ileile unairudisha na 5,000 juu, na hiyo 5,000 inabaki ndani ya sanduku. Siku ya mgao na wewe una fungu lako humo.

Mtaniambia vikoba navyo vinavunjika. Vinavunjika. Cha kwetu cha kwanza hakikumaliza mwaka, na sababu ilikuwa huruma: tulimkopesha ndugu wa mwenyekiti ambaye hakuwa hata mwanachama, kwa sababu alikuwa na msiba. Msiba una mfuko wake, mfuko wa jamii, na kila kikao kila mtu anauchangia. Sisi tuliuchanganya na hisa. Tukashindwa kudaiana, tukaanza kukwepana sokoni.

Kuhusu usajili nitapita haraka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi, vipo daraja la nne, na usajili unafanyika kwenye halmashauri. Ukiwa na cheti unaweza pia kuomba ile mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango. Msipeleke maombi kupitia kwa mtu anayedai "anawajua wa ndani".

Ninachotaka kukaa nacho ni hawa wa nyuma. Binti wa kidato cha pili ndiye anayemsomea mama meseji ya salio. Ndiye anayempigia hesabu ya marejesho usiku. Halafu kikao kikianza, anaambiwa akambembeleze mtoto nje. Tunamnyima duara, kisha akifika miaka ishirini tunashangaa kasaini mkopo wa kausha damu bila kusoma.

Na kuna mwingine ambaye hata nje ya duara hayupo. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Ruhusa ni jambo moja. Nani atabaki na mtoto kuanzia saa moja asubuhi? Nani atanunua sare ya pili, maana ya kwanza haimtoshi tena? Kikoba kimoja ninachokijua kilipanga zamu ya kulea, watu watano, kila mmoja siku moja ya shule. Hawakuandika mradi. Waliandika majina nyuma ya daftari la hisa.

Haya, ile namba yangu. Nani anayo? Mama, wewe? Milioni moja na laki nne na... sawa, umejaribu. Huku? "Themanini na sita"? Imebaki kidogo.

Wewe binti wa kitambaa cha kijani, umenyoosha mkono muda mrefu. Sema kwa sauti.

Mia tano, ndiyo. Una miaka mingapi? Kumi na sita. Mama yako yuko humu? Mama, kikao chenu ni lini? Jumamosi saa tisa. Basi mtoto abembelezwe na mtu mwingine. Huyu akae ubavuni kwa katibu.