Mwalimu Peke Yake Jukwaani: Mhadhara juu ya Mchezo wa Mtu Mmoja na Skuli za Serikali

Waheshimiwa walimu wakuu, walimu wenzangu wa skuli za msingi na sekondari, wanafunzi mnaosomea ualimu, na wazee mliotuheshimu kwa kufika hapa Chake Chake mchana huu, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumzie mchezo wa kuigiza unaochezwa na mtu mmoja, hasa ule unaohusu kazi ya kusomesha katika skuli za serikali. Dai langu ni moja, na nitalisema mapema ili mpate kunipima nalo. Thamani ya mchezo wa namna hii ipo katika kumlazimisha mwalimu aliye jukwaani akikalie kiti cha mwanafunzi, aseme kwa pumzi ya mwanafunzi, na ajitazame mwenyewe kwa macho ya mwanafunzi. Mchezo usiofanya hivyo, hata ukiliza ukumbi mzima, ni hotuba iliyovishwa maleba.

Fani yenyewe si ngeni kwetu. Bibi aliyekaa juu ya jamvi baada ya Isha, akasema “Paukwa” na wajukuu wakamwitikia “Pakawa”, alikuwa fanani mmoja mwenye wahusika kumi. Sungura alikuwa na sauti yake nyembamba, fisi na kicheko chake, na zimwi lilikuwa na shingo ambayo bibi aliirefusha hadi watoto wakasogeleana. Hakuwa na pazia wala taa. Alikuwa na mwili wake, na alikuwa na hadhira iliyokubali kwamba mtu yule yule anaweza kuwa mwindaji na kuwa windo. Mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein, ambaye wakati huo alikwisha kujulikana kwa tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, aliirudia njia hiyo mwaka 1976 alipotoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi mbili fupi zilizojengwa juu ya mtambaji mmoja anayesimulia na kuigiza kwa pamoja. Kwa hiyo tunapouzungumzia mchezo wa mtu mmoja leo, hatukopi mtindo kwa jirani. Tunakipeleka skuli kitu ambacho tayari kimo majumbani mwetu.

Kuhusu skuli za serikali zenyewe, mfano ninaoutegemea zaidi umetoka New York. Mwaka 2006 Nilaja Sun, mwigizaji ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiingia katika skuli za umma za mji huo kusomesha sanaa ya maigizo, alionesha mchezo alioutunga na kuucheza peke yake, uitwao No Child... Jina hilo linaikumbusha sheria ya elimu ya Marekani iitwayo No Child Left Behind, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Januari 2002, iliyotaka wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane wapimwe kila mwaka katika kusoma na hisabati, na skuli zisizofikia viwango zichukuliwe hatua. Katika mchezo huo mwigizaji mmoja huwa watu 16: mwanafunzi mtundu, mwanafunzi asiyesema, mwalimu mkuu, mwalimu mpya anayeshindwa na darasa na kuondoka, mlinzi wa mlangoni kwenye mashine ya kukagulia chuma, na mwalimu mgeni wa maigizo ambaye ni yeye mwenyewe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba msimulizi wa mchezo huo hakufanywa mwalimu. Ni mzee mfagiaji wa skuli. Nilaja Sun angeweza kusimama mbele na kutusimulia taabu zake, na tungemwonea huruma. Lakini aliikabidhi hadithi kwa mtu ambaye amewaona walimu wengi wakija na kuondoka, huku yeye akibaki na ufagio wake. Kwa uamuzi huo mmoja, mwalimu anakuwa mhusika miongoni mwa wahusika, anaweza kukosea mbele yetu, na wanafunzi wanapata nafasi ya kuwa watu kamili. Tukiuandika mchezo wa Pemba, ningependa msimulizi awe mama anayeuza badia na mihogo ya kukaanga nje ya uzio wakati wa mapumziko. Yeye hujua nani amekuja bila ya kula, nani amekopa, na nani hajaonekana tangu Jumatatu, na huyajua hayo kabla ya daftari la mahudhurio kuyajua.

Sasa niingie katika skuli zetu. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu itatolewa bila ya malipo, na kila mwaka tunaiadhimisha siku hiyo kwa tamasha ambalo wanafunzi wetu hucheza, huimba na huigiza. Ahadi ile ndiyo iliyowaleta darasani wengi wetu tuliomo humu. Ni ahadi kubwa, na uzito wake umebebwa kwa miaka mingi na majengo yasiyotosha, ndiyo maana tukazoea mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, katika vyumba vile vile. Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga skuli za ghorofa Unguja na Pemba kwa nia ya kuuondoa mkondo wa pili, na kila anayependa watoto ataombea nia hiyo itimie. Lakini mikondo miwili imetulea, na sijaona bado mchezo ulioisema ipasavyo.

Hebu tuitazame kwa karibu. Mwalimu wa mkondo wa mchana anaingia na kuukuta ubao umejaa somo la asubuhi, kwa mwandiko wa mwenzake ambaye wamepishana mlangoni tu. Anaufuta. Vumbi la chaki halijatulia chini, watoto wameshakaa. Katika dawati la tatu, upande wa dirishani, amekaa msichana ambaye mahali pake asubuhi palikuwa na mvulana. Hawajapata kuonana. Mvulana amechora jahazi kwenye mbao kwa ncha ya bikari, na msichana kila siku huongeza kitu kidogo katika jahazi lile: mlingoti, kisha tanga, kisha mtu mmoja wa kulishika. Waigizaji ishirini hawawezi kuionesha hali hiyo vizuri kuliko mmoja, kwa sababu mmoja ana kiti kimoja tu. Anakaa akiwa mvulana, mabega yamepanda, kidole kinachora. Anasimama, anapiga kengele kwa mdomo, anakaa tena pale pale akiwa msichana, magoti yamekutana, ushungi umewekwa sawa kwa mkono wa kushoto, na kidole kinautafuta mchoro. Hadhira inaona kiti kimoja kina watoto wawili. Hapahitajiki mtu wa kuja kueleza habari za msongamano wa madarasa.

Nawaomba wanafunzi wa ualimu muangalie ufundi uliomo hapo. Mabadiliko ya mhusika hayafanywi kwa kubadilisha sauti peke yake. Sauti ni ya mwisho. Yanaanza na uzito wa mwili, unaegemea wapi. Kisha macho, yanatazama juu au chini, kwa kuwa mtoto humtazama mwalimu kwa kuinua uso na mwalimu humtazama mtoto kwa kuinamisha uso, na mwigizaji akikosea urefu huo, darasa zima hubomoka. Baada ya hapo ndipo mikono, kisha pumzi, kisha sauti. Wengi wenu mnaufanya ufundi huu kila siku bila ya kuupa jina: mnapomwigizia mwanafunzi jibu lake ili alisikie upya, mnapokuwa mwezi na jua katika somo la jiografia.

Kuna mandhari nyingine ambayo naiona ni moyo wa mchezo wowote wa skuli utakaotoka Zanzibar. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mwigizaji, akiwa mwalimu, anachora mti ubaoni na kueleza kwa Kiingereza cha kitabu namna maji yanavyopanda kutoka mizizini hadi majanini. Anasema haraka kwa sababu mada ni nyingi na mtihani haumngojei. Anageuka na kuuliza, “Mmefahamu?” Na hadhira, watu wazima wenye ndevu na mamiwani, inaitikia kwa sauti moja, “Tumefahamu!” Nimeliona hili likitokea mara nyingi ninapofanya mazoezi na walimu. Hakuna anayewaambia waitikie. Mazoea ya miaka yao ya skuli yanajibu kabla ya akili kuulizwa.

Hapo mwigizaji asiendelee. Aiache kauli ile ikae ukumbini. Kisha akikalie kiti, awe msichana wa darasa la tano ambaye naye amesema tumefahamu, alifungue daftari lake na kutuonesha kwa kidole alichonakili. Mti umechorwa vizuri kuliko wa mwalimu, majani yana mishipa, na mishale ya maji, yote, inaelekea chini, kwa sababu maji anayoyajua yeye huanguka kutoka mawinguni kwenda ardhini. Hakunakili vibaya kwa uzembe. Alifikiri. Mwalimu anayelicheza tukio hili mara kumi hawezi tena kuuliza “Mmefahamu?” kwa wepesi aliouzoea, na nasema haya kwa sababu nimewasikia walimu wakijikamata darasani neno hilo likiwa limefika mdomoni.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayelala. Katika msimu wa karafuu viti hupungua watu, na waliopo wengine huinamisha vichwa juu ya madawati. Kwa macho ya mwalimu huyo ni mvivu. Mwigizaji akimwinamisha mtoto huyo kwa haki, vidole vyake vitaendelea kutembea usingizini, kimoja kikisukuma na kingine kikishika, vikitenga karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya na bibi yake hadi usiku mkubwa. Kila Mpemba aliyemo ukumbini atavijua vidole hivyo bila ya kutajiwa.

Sina budi kusema jambo kuhusu maigizo tuliyoyazoea, yale ya wanafunzi kumi na mbili mbele ya mgeni rasmi, baba mlevi, binti anayeozwa mapema, daktari, kisha wimbo wa nasaha. Yamefanya kazi njema na sitaki yaachwe. Lakini humo mwalimu hayumo. Amesimama pembeni na karatasi mkononi, akimkumbusha mtoto maneno. Skuli inazungumza juu ya kila mtu isipokuwa yenyewe, na mtoto anapewa maneno ya mtu mzima ayarudishe kwa watu wazima. Mchezo wa mwalimu mmoja unaipindua hali hiyo: mtu mzima ndiye anayejifunza maneno ya mtoto.

Kwa sababu hiyo, namna ya kuyapata maneno hayo lazima iwe ya heshima. Anna Deavere Smith, mwigizaji mwengine wa Marekani, alipotayarisha Notes from the Field, kazi inayohusu vijana wanaosukumwa kutoka skuli hadi jela, alizungumza na watu zaidi ya 250, kisha akawaigiza baadhi yao kwa kauli zao wenyewe, pamoja na vituo vyao na kusitasita kwao. Njia hiyo inafaa kwetu, lakini kwa tahadhari. Visiwa hivi ni vidogo. Ukimwigiza mtoto kwa mwendo wake tu, kabla hujateremka jukwaani mjomba wake ameshamjua. Kwa watoto, basi, changanyeni: chukueni kauli ya mmoja, mwendo wa mwengine, na mtaa wa tatu, mpaka asipatikane mtu wa kunyooshewa kidole. Na lafudhi ya Micheweni au ya Kojani isiwe chombo cha kuwachekesha watu wa mjini. Mtoto anayerudi na baba yake kutoka dago, yaani kambi ya wavuvi, akasema Kipemba chake mbele ya darasa, amesema lugha kamili. Mwigizaji akiitoa lugha hiyo kwa kejeli, amemwondosha mtoto huyo skuli kwa mara ya pili.

Mahitaji ni machache: kiti, ubao, chaki, ushungi mmoja, kofia moja, na dakika zisizozidi hamsini. Mchezo unaweza kuoneshwa saa nne asubuhi ukumbini mwa skuli bila ya umeme, na mwigizaji akapanda gari ya abiria kutoka Mkoani hadi Konde na mkoba mmoja. Kibali kiombwe Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni kama utaratibu unavyotaka. Hadhira ya mwanzo iwe ya wanafunzi pamoja na walimu wao, na mchezo ukimalizika wa kwanza kusema awe mwanafunzi. Walimu wakuu, kwa hisani yenu, msiseme mpaka wanafunzi watatu wawe wameshasema.

Ombi langu kwa vyuo vyetu ni kwamba kila mwanafunzi wa ualimu anayerudi kutoka mazoezi ya kufundisha, pamoja na ripoti anayoiandika, atayarishe dakika kumi za mchezo huu na kuzicheza mbele ya wenzake, akiwa ndani ya mwili wa mwanafunzi mmoja tu: yule aliyemshinda. Asimweleze. Amkalie kiti chake, na wenzake wamuulize masuala akiwa bado ni mtoto huyo, naye ayajibu.

Ahsanteni. Masuala yenu nayapokea.