Mistari Minne ya Kuingiza Nodi

Wangapi humu mmeshaandika orodha ya viungo viwili, ile ambayo kila kipande chake, yaani nodi, kinawajua jirani wa mbele na wa nyuma? Naona mikono. Wangapi mliichora kwanza? Haya, mikono imeshuka.

Habari ya nodi kuwa na thamani, kiashiria cha mbele na cha nyuma (yaani anwani za majirani wake) mnaijua, naipita. Tuna A, anafuatwa na B, tunataka kumwingiza X katikati:

x.nyuma = a
x.mbele = a.mbele
a.mbele.nyuma = x
a.mbele = x

Tunaanza na X kwa sababu hana cha kupoteza. A tunamgusa mwisho, kwani ni kupitia kwake tunampata B.

Sasa upandishe ule mstari wa nne uwe wa kwanza, kama ninavyoona kila mwaka kwenye mitihani. Fuata kwa kidole. A anamwelekea X. X anajiwekea A nyuma, sawa. Halafu x.mbele inachukua a.mbele, ambayo ni nani? X mwenyewe! Na mstari unaofuata unamfuta hata yule A: nyuma ya X ni X, mbele ya X ni X. B kapotea, na ukiipita orodha unazunguka hapo mpaka uizime programu. Wala huoni ujumbe wa kosa!

"Mwalimu, si tumhifadhi B kwenye kigeu cha muda?" Mhifadhi, sina ugomvi. Ila kama hujui unamhifadhia nini, kwenye kufuta utakwama tena.

Na wewe wa Python unayetabasamu, kwamba haya yamepitwa na wakati: fungua moduli ya functools usome lru_cache, ile inayokumbuka majibu ya karibuni ya funksheni. Utakuta kamusi (dict) pamoja na orodha ya viungo viwili iliyofungwa duara. Kamusi inakufikisha kwenye nodi; nodi inawajua majirani wote wawili, kwa hiyo unaing'oa papo hapo. Kwa orodha ya kiungo kimoja, cha mbele tu, ungemtafuta wa nyuma yake kuanzia mwanzo wa orodha.

Gharama ipo. Kwenye mashine ya biti 64, namba ya baiti 4 inabeba viashiria vya baiti 16. Kama kazi yako ni kupita tu mwanzo hadi mwisho, tumia safu (array), usinisumbue.

Nodi ya mlinzi, ile tupu inayoshika mwanzo na mwisho wa orodha, na jinsi kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux inavyofunga orodha zake duara, nilitaka tuione, lakini naonyeshwa saa. Kufuta tunafanya sasa hivi. Toeni karatasi. Nimesema karatasi, funga hiyo laptopu.